Mvi za Mwisho Butiama

Kitaji, Musoma
7 Juni 2026

Bibi yangu mpendwa Dorotea,

Na jibu la lile swali uliloniuliza ukiwa umeshaweka mguu mmoja kwenye gari ni ndiyo. Ndiyo, Bibi, nina furaha! Niliona aibu kusema mbele ya watu, na gari lilikuwa linapiga honi, lakini sasa niko peke yangu mezani na naweza kuliandika hata mara kumi.

Shikamoo. Ona, nimeanza na jibu nikasahau salamu. Ndoa imenivuruga akili. Natumaini ulifika Butiama salama na mbuzi umewakuta wote. Sisi huku wazima. Mama yuko Nyegina, anakusalimu. Wiki iliyopita timu yake ya netiboli imeshinda na sasa watu wanatuuliza kati yangu na yeye nani mkubwa.

Bibi, Gody! Nianzie wapi? Asubuhi ananichemshia chai. Akirudi kazini ananiletea ndizi mbivu moja, moja tu, tunagawana. Bado ni karani mwanafunzi pale Ofisi ya Umri, kwa sababu karani aliye juu yake ana miaka themanini na tatu na hana mpango wa kuondoka, na aliye juu ya huyo ana mia na mbili. Gody amepiga hesabu: atapandishwa cheo akiwa na miaka mia moja na arobaini. "Lakini si tutakuwa bado vijana, mke wangu," ananiambia, na akisema "mke wangu" namwomba arudie.

Tunaishi chumba kimoja. Nyumba yenyewe ni ya babu yake, Mzee Maige, anayeishi Bunda lakini chumba kikubwa cha hapa kimefungwa kinamsubiri. Hakuna kiwanja cha kugawana, maana hakuna aliyefariki akaacha kitu. Lakini kitanda kinatutosha, na sitaandika zaidi.

Zile beji za umri zinanipa shida. Juzi sokoni nilimkuta msichana mzuri anauza sato, amesuka rasta, nikamwambia, "Mambo?" Akageuza beji yake polepole: 91. Nilipiga goti palepale kwenye maji ya samaki. "Shikamoo!" Akasema, "Marahaba, na ongeza sauti, nina masikio mapya."

Picha za harusi zimetoka. Watu mia tatu na wote wana sura ya miaka ishirini na tano! Ni kama maua. Wewe unaonekana kidogo kwenye moja, ncha ya khanga. Natumaini ulikaa pazuri. Mpangaji wa shughuli alisema pale nyuma ya spika pana kivuli.

Oktoba tarehe 28 natimiza ishirini na tano na mimi nitachomwa Sindano ya Kusimama, hiyo hiyo inayowarudisha wazee ujanani na kutusimamisha sote hapo. Gody aliianza miaka miwili iliyopita, na huirudia kila mwaka. Fikiria, Bibi: mimi na yeye hivi hivi, bila kubadilika, siku zote!

Ningekupigia simu, lakini mashine ya kusajili laini iliukataa uso wako mara tatu, ikasema "karatasi imekunjamana." Basi barua hii nampa Shija, anayepeleka mizigo huko kwa pikipiki. Na kuna zawadi nimekuandalia. Sisemi ni nini. Itakukuta nyumbani.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Marieta


Butiama
1 Julai 2026

Mjukuu wangu Marieta,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Shija anasema alikuwa na mazoezi ya dansi. Ana miaka themanini na nne, na mimi nilimfundishaga kufunga viatu, lakini sasa ana mazoezi ya dansi.

Mimi mzima. Mbuzi ni sita, mmoja ana mimba. Karanga zimekubali mwaka huu. Magoti yananiuma ikikaribia mvua, kwa hiyo mimi ndiye ninayetabiri hali ya hewa hapa kijijini. Jeska wa jirani anakujaga kuniuliza kama aanike mihogo.

Nimefurahi unapendwa. Mwanamume anayechemsha chai bila kutumwa, mshikilie.

Harusi yako niliisikia vizuri sana. Mpaka leo sikio la kushoto bado linaisikia.

Habari nyingine. Wiki iliyopita wanafunzi wa sekondari waliletwa hapa kunitazama. Walisimama kwenye mstari pale uani, mwalimu wao akanionyesha kwa kijiti akasema, "Huyu ndiye mzee. Andikeni." Wakaandika. Binti mmoja akauliza kama inauma. Nikamwambia inauma magoti, na inauma ukinyooshewa kijiti. Na hilo akaliandika.

Halafu wakaja vijana wawili wenye kishikwambi. Walinipima mkono, wakanipiga picha ya kichwa mbele na nyuma. Wakasema jina langu limepelekwa ofisini na mtu anayenipenda. Nikawauliza ni nani. Wakasema ni siri ya ofisi.

Wewe sikuulizi kitu. Nakueleza tu habari.

Salimia Gody na mama yako. Mwambie mama yako afunge magoti vizuri akicheza.

Bibi yako,
Dorotea


Kitaji, Musoma
18 Julai 2026

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na yule mbuzi mwenye mimba mzima, na karanga, na Jeska.

Sisi hatujambo. Musoma kuna upepo mwingi kutoka ziwani na nguo zinakauka haraka. Mama hajambo. Kuhusu wale vijana wa kishikwambi, mimi sijui ofisi zinavyofanya kazi, Gody hanielezi ya kazini. Labda ni mtu mwema tu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Bunda kwa wakwe. Mzee Maige alikuwa anatimiza miaka mia na nane. Bunda ni pazuri. Tulikula nyama, tulikula ugali wa ulezi. Watu wa Bunda ni wakarimu. Nilirudi salama kutoka Bunda.

Gody yuko salama pia. Kwa sasa analala kwa rafiki yake karibu na kazini, kwa sababu ya kazi.

Bibi, naomba kukuuliza jambo moja la kujifunza tu, la mtu mwingine, rafiki yangu. Zamani mkamwana akikosea kwa baba mkwe wake, si kosa la maneno, kosa la mikono, ilikuwa inaishaje?

Wako,
Marieta


Butiama
8 Agosti 2026

Marieta,

Marahaba. Mbuzi amezaa mapacha. Jeska ana mafua. Hizo ndizo habari za nyumbani, zimeisha.

Barua yako imetaja Bunda mara nne, na unaniambia ni pazuri. Mimi Bunda napajua. Si pazuri kiasi hicho.

Mume hawezi kulala karibu na kazini wakati chumba chenu na ofisi yake vyote viko Musoma, na kutoka kimoja hadi kingine mtu anatembea bila kutoka jasho.

Rafiki yako huyo alishika nini?

Dorotea


Nyegina
23 Agosti 2026

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika kutoka kwa Mama. Niko hapa tangu mwezi uliopita. Mama hajambo, analia akiwa na muda, halafu anakwenda mazoezini.

Sasa nakwambia.

Siku ile Bunda nilitoka jikoni na mikono imejaa unga wa ulezi. Nyuma ya nyumba nikamkuta kijana kifua wazi anapasua kuni. Shati na beji yake vilikuwa vimetundikwa kwenye mpapai. Nikajua ni Fredi, shemeji yangu, mdogo wake Gody. Tangu harusi mimi na Fredi ni utani mtupu. Yeye huniita mke mdogo na mimi humwita mume wa akiba. Basi nikamnyatia kwa nyuma nikampaka unga mgongoni, viganja vyote viwili, nikasema, "Shemeji! Mkono wa kijana, mgongo wa mzee! Kaka yako akinichosha nahamia kwako!"

Hakugeuka. Shoka lilibaki juu.

Na mimi nikaendelea, Bibi. Nikamshika mkono. "Umekuwa bubu, au nimependeza sana leo?"

Ndipo akageuka. Alikuwa Baba mkwe. Mzee Bernado mwenyewe.

Utasema kwa nini sikumjua. Ningemjuaje? Tangu posa mpaka harusi, akipita upande huu mimi nainamisha macho upande ule, kama ulivyonifundisha. Mimi namjua viatu. Siku ile alikuwa peku.

Baba mkwe ana miaka themanini na moja. Alitupa shoka akakimbia. Aliruka uzio, akapita kwenye mahindi ya jirani, akavuka barabara kuu bila kutazama. Fredi anasema hajawahi kuona mbio kama zile hata kwenye ligi ya vijana, na Baba mkwe ni nahodha katika ligi hiyo.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Yesu na Maria! Umemshika?"

"Nimemshika, Mama."

"Wapi?"

"Mgongoni. Na mkono."

"Mgongoni kiganja kimoja?"

"Viwili, Mama."

Akakaa juu ya ungo wa dagaa. Akakaa hivyo hivyo, dagaa wakiwa chini yake.

Jioni kikaitwa kikao cha wazee. Ungewaona, Bibi! Wazee tisa, wote jinzi za kubana, mmoja anatafuna bazoka, mwingine ana spika za masikioni. Mzee Maige akasimama na kofia yake imegeuzwa nyuma akasema mila ni mila. Mimi na Baba mkwe lazima tunyunyiziwe maji na unga na mama mwenye mvi. Mpaka hapo nisilale paa moja na Gody, wala nisipikie moto wao. Mama mkwe ametoa muda mpaka mwisho wa Oktoba. Ikipita, narudishwa nyumbani moja kwa moja, na ndoa imekwisha.

"Basi aitwe mama mwenye mvi," akasema mmoja.

Wakatazamana. Bunda hakuna. Musoma hakuna. Walimchukua shangazi mmoja wa miaka tisini na sita wakampaka majivu kichwani, lakini alikaa karibu na moto, akatoka jasho, mvi zikateremka zikawa ndevu. Mzee Maige akakataa. Akasema mvi lazima ziwe zimeota zenyewe kwa mtu aliyezikubali.

Kisha Fredi, huko pembeni, akasema, "Si kuna yule bibi aliyekaaga nyuma ya spika?"

Bibi, wote waliinamisha vichwa. Na mimi. Kwa sababu mpangaji wa shughuli aliponiuliza kama uwekwe pale, mimi ndiye niliyesema sawa. Alisema utaharibu picha. Nilikuwa nimevaa shela na nilitaka picha.

Kuna lingine. Ofisi ya Umri imetangaza kwamba ifikapo tarehe 31 Oktoba itakuwa "Mara Bila Mvi", na mkoa utapewa kombe. Gody ameiona orodha ya waliobaki. Ina mstari mmoja, Bibi. Ni jina lako. Aliyelipeleka ni mimi. Hiyo ndiyo zawadi niliyosema. Nilitaka siku tutakapopiga picha na mtoto wetu wa kwanza usikae nyuma ya kitu chochote.

Sasa nakuomba kwa magoti: wakija na sindano, kataa. Wakikuchoma, mvi zitaondoka na mimi nitampoteza Gody. Najua ninavyosikika. Mwezi wa sita nilitaka uzipoteze, mwezi wa nane nataka uzishike. Nimemwapisha Shija alete barua hii mbio.

Gody anakuja kila Jumapili. Hatuwezi kukaa paa moja, kwa hiyo anakaa upande ule wa uwanja wa misheni na mimi upande huu, tunapiga kelele. Leo amepiga kelele, "Nimekukosa mpaka chai hainyweki!" na timu nzima ya netiboli ikageuka. Nampenda kuliko siku ya harusi.

Nijibu haraka.

Marieta


Butiama
20 Septemba 2026

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ya mbio imefika juzi, baada ya wiki tatu na siku tano. Shija aliingia fainali ya dansi.

Wale wa sindano walikuja tarehe kumi, kwa hiyo walinikuta sijui lolote. Tulia kwanza, soma mpaka mwisho.

Walikuwa watatu, na boksi la barafu. Niliwapa karanga. Binti mmoja akafungua kishikwambi akaanza kuniuliza maswali, jina, kijiji, kanisa. Akafika pa mwisho: sababu ya kutaka ujana.

Nikamwambia sina.

"Andika tu kupendeza, Bibi."

"Nimpendeze nani?"

"Mume."

"Yupo pale." Nikamwonyesha kaburi. "Hajalalamika."

"Basi andika kufanya kazi."

"Nimefanya kazi miaka sitini na tano. Unataka nianze upya?"

"Kucheza muziki?"

"Kaa nyuma ya spika kwa saa saba halafu urudi kuniuliza."

Mashine yao haikubali nafasi tupu. Walibonyeza, wakabonyeza, wakaizima wakaiwasha. Kijana mmoja akasema wangejaza wao tu, mwenzake akamwambia wakikamatwa watasimamishwa kazi, na mtu akisimamishwa kazi zama hizi anasimamishwa miaka mia. Wakamaliza karanga wakaondoka. Wamesema watarudi tarehe 31 na mkubwa wao, maana yeye anaruhusiwa kunijazia sababu.

Kwamba ni wewe uliyepeleka jina, nilijua. Wanaonipenda ni wawili, na mama yako hajawahi kuliandika jina langu la ubatizo bila kukosea. Sikukasirika kwa ajili ya orodha. Kwa ajili ya spika nilikasirika. Kidogo. Imekwisha.

Sasa sikia la kwako. Nitawanyunyizia, wewe na huyo mwanariadha. Sitaki ng'ombe wala mbuzi wala hotuba. Mje hapa, mimi siji Bunda. Siku hizi hata kanisani sipandi. Padri namsikiliza kwa upepo.

Ila kuna jambo, na sikulazimishi. Maneno ya kunyunyiza hayaandikwi. Bibi yangu alinifundisha nikiwa na umri kama wako, nikiwa nimesimama kando yake na bakuli la unga. Alisema anayeyachukua lazima awe mtu ambaye naye atakuja kuzeeka, kwa sababu mwishoni unasema "kwa mvi hizi," na huwezi kusema kitu usichokuwa nacho. Mimi nilimtafutaga wa kumpa. Nikamtazama mama yako, akaenda kwenye sindano. Nikawatazama binti za Jeska, wote wakaenda, na Jeska mwenyewe. Nikanyamaza.

Nikiondoka mimi nayo yameondoka. Na wakamwana wataendelea kuwashika baba wakwe zao, maana kwa sura hizo mlizo nazo, wewe ni wa kwanza tu. Watapelekwa wapi?

Tarehe 28 ni siku yako ya sindano. Ukienda, nitakunyunyizia vilevile na utarudi kwa mumeo. Usiende kwa sababu yangu, na usiache kwa sababu yangu. Ninakwambia tu kwamba bakuli halina mtu wa kulishika.

Mvi si mbaya. Zinawasha kidogo mwanzoni.

Ukiona mwandiko unapinda, ni meza.

Dorotea


Nyegina
11 Oktoba 2026

Bibi yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo. Nakuamkia mara mbili kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili kila siku tangu ije. Mama anakusalimu na anasema jina lako la ubatizo sasa analiandika sawasawa, amejaribu ukurasa mzima.

Meza yako naijua, Bibi. Nilifanyia kazi za shule juu yake miaka minne. Haijapinda. Na mistari mitatu ya mwisho si mwandiko wako, ni wa Jeska, anaandika "r" kama ndoano. Hukuniambia na mimi sitakuuliza, tumerithiana tabia hiyo. Ila nimeona.

Nilikaa na barua yako siku nane kabla sijamwambia Gody. Jumapili alipokuja sikutaka kupiga kelele jambo hili uwanjani. Nikamwita tukaenda kukaa kwenye mawe kando ya ziwa, mahali ambapo hakuna paa la mtu. Nikamwambia sitakwenda tarehe 28.

Akacheka kwanza. Halafu akaona sicheki.

"Mimi nimesimama, Marieta. Wewe ukiendelea kwenda, utanipita."

"Nitakupita."

"Ukifika hamsini watasema ni mama yangu."

"Na utaniamkia."

"Mashine ya laini itakukataa."

"Utanipigia kelele uwanjani. Una sauti nzuri."

Akachukua vijiwe akawa anavitupa majini. Akaniambia kama hofu yangu ni kurudishwa, bibi amesema atanyunyiza hata nikichomwa, kwa hiyo kwa nini nijitese? Nikamwambia siyo hilo tena. Nilimweleza kuhusu bakuli. Nikamwambia: Gody, siku ile ya kikao wazee tisa walikaa pale, wana miaka zaidi ya mia nane wakijumlishwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunisaidia. Walikuwa wanasubiri mtu mkubwa aje. Nani atakuwa mtu mkubwa wa watoto wetu? Wewe? Utakuwa bado karani mwanafunzi.

Hilo lilimuuma. Nilimwomba radhi, lakini sikulifuta.

Ningependa nikuandikie kwamba alinikumbatia akasema atazeeka na mimi. Hakusema, Bibi. Sindano yake ya mwaka ni mwezi wa pili. Asipoichoma ataanza tena kwenda kama mimi. Kadi yake ya sindano anayo. Hajaichana na mimi sijamwambia aichane. Alisema tu, "Nipe mpaka mwezi wa pili." Halafu akavua koti akanifunika kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa umebadilika, akanisindikiza hadi kwa Mama, akasimama nje ya uzio mpaka nilipoingia. Mtu wa namna hiyo nitamsubiri mpaka mwezi wa pili, na baada ya hapo nitaona. Ningependa kuzeeka naye. Lakini nitazeeka.

Mama mkwe alipoambiwa alipiga simu hapa. "Unataka kukunjamana makusudi? Watu watasema hatukupi chakula!" Nikamwambia, Mama, mtu mwenye mvi mlimtafuta wilaya mbili mkamkosa, mimi nitawapa wa kwenu wenyewe, ndani ya ukoo, hamtamwazima tena. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mvi hizo zitachukua muda mrefu, kwa sababu mke wa jirani yao juzi amempiga baba mkwe wake busu la shavu akidhani ni mumewe, na familia imejifungia ndani.

Na Baba mkwe ametuma salamu. Mimi na yeye hatuongei, kwa hiyo alimwambia Fredi, Fredi akaja mpaka hapa kwa baiskeli kunieleza. Baba mkwe anasema hana kinyongo. Anasema alipokimbia siku ile alifika mpaka mtoni, akakaa peke yake kwenye jiwe mpaka jua likazama, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini kukaa tu bila mtu kumpigia filimbi aingie uwanjani. Anataka kujua kama kwako kuna kigoda. Anaomba kigoda tu. Fredi anasema hakuelewa ujumbe huo lakini aliapa kuufikisha.

Watakuja wote Jumamosi tarehe 24: Baba mkwe, Mama mkwe, Gody, Fredi, na Mzee Maige na kofia yake. Wamekodi gari. Picha zitapigwa na utakaa katikati, nimeshasema, na asiyetaka asije.

Mimi siwangoji. Barua hii nampa Shija kesho na nimemwambia akisimama kucheza popote nitamsimulia mkewe. Nikishapata nguo zangu kutoka Kitaji napanda gari la Butiama, nikae na wewe, nichote maji, nimshukuru Jeska kwa "r" zake, na jioni unifundishe maneno kidogo kidogo. Nina kichwa kizuri cha kukariri, unakumbuka. Wewe lala tu, useme.

Usiogope tarehe 31. Mkubwa wao akija na kishikwambi chake atatukuta tumekaa mlangoni, na atalazimika kuongeza mstari, kwa sababu watakaokuwa kwenye orodha ni wawili.

Nakuja, Bibi. Mwezi huu hautaisha hujaniona.

Wako, na bado nina furaha,
Marieta